Kisu Kutoka Ng'ambo

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo sana, jambo linaloweza kuingia mfukoni. Tunataka kuzungumza juu ya kisu cha kukunja, na hasa juu ya kuagiza kisu cha namna hiyo kutoka ng'ambo.

Huenda mtu atauliza, "Je, kisu nacho kina neno gani la kutuambia katika mazungumzo kama haya?" Ndugu, subiri kidogo. Mtu anaponunua kitu sokoni, humwona mwenye duka uso kwa uso. Hukishika kile kitu, hukigeuza, hukijaribu, na asiporidhika hukirudisha mezani akaenda zake. Lakini yeye anayeagiza kitu ng'ambo, macho yake hayafiki huko wala mikono yake haifiki. Ana neno tu. Muuzaji ameandika neno, na mnunuzi ameandika neno, na katikati yao kuna bahari na nchi kavu na watu wengi wasiojuana. Hapo ndipo moyo wa mtu hupimwa.

Katika kanisa letu tuna kikundi cha kitalu. Huotesha miche ya miembe na miparachichi, nasi huiuza kwa majirani ili tupate karo ya watoto na mahitaji mengine. Mche uliotokana na kokwa peke yake hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa, tena hakuna ajuaye utazaa embe la namna gani. Kwa hiyo hupandikizwa, au kama wengine wasemavyo, hubebeshwa. Shina la mche likifikia unene wa penseli hukatwa na kupasuliwa kidogo juu. Kisha huletwa kijiti kutoka kwa mwembe mzuri, wa Apple au wa Ngowe, kikachongwa kama kabari, kikaingizwa katika ule ufa, na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Ile ngozi nyembamba ya kijani iliyo chini ya gome la kijiti ni lazima igusane na ile ya shina. Hapo ndipo uhai unapopita kutoka huku kwenda kule. Mkato ukiwa na mawimbi, au kisu kikiwa butu, vitu hivyo viwili havigusani sawasawa, na baada ya siku chache kijiti hunyauka. Kisu kikiwa kichafu, hubeba ugonjwa kutoka mche hadi mche.

Kwa sababu hiyo kisu cha kupandikizia hakifanani na kisu cha jikoni. Kisu cha jikoni hunolewa pande zote mbili. Kisu cha kupandikizia hunolewa upande mmoja tu, na upande wa pili huwa bapa kabisa, ili mkato utoke umenyooka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kisu hicho kina mkono wake. Kilichonolewa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, mtu wa mkono wa kushoto akikitumia, kitaenda kombo tu hata akijitahidi namna gani.

Sasa, katika kikundi chetu yuko binti mmoja mwenye shoto. Alipokuwa mtoto alichapwa mkono ule ili auache, kama wengi wetu tulivyoona watoto wakichapwa. Hakuuacha. Alipojiunga nasi, vijiti vyake vilinyauka kuliko vya wenzake, na watu wakaanza kusema kwamba hana mkono wa miti. Lakini tulipomtazama kwa uangalifu tuliona kwamba kasoro haikuwa katika mkono wake. Kasoro ilikuwa katika kisu. Katika maduka ya pembejeo tuliyoyaendea, visu vya kupandikizia vilikuwa vya mkono wa kulia vyote.

Wako waliosema, "Ajizoeze kulia, kama wengine." Sisi tulikumbuka Kitabu cha Waamuzi, sura ya 3, ambamo tunasoma habari za Ehudi wa kabila la Benyamini. Mungu alipotaka kuwaokoa watu wake alimwinua mtu wa shoto, wala hakumwambia kwanza abadili mkono.

Basi tulimwendea fundi wetu wa jua kali, ambaye hufua mapanga na majembe kutokana na springi za magari kuukuu. Ni fundi hodari. Alikishika kile kisu cha mfano, akakikunja na kukikunjua, akapitisha kidole juu ya ubapa wake, kisha akatuambia, "Ndugu zangu, panga nitawafulia hata leo. Lakini hiki kinataka chuma chembamba kisichopoteza makali, na bawaba isiyolegea. Nikisema ninakiweza nitakuwa nimewadanganya." Tulimshukuru. Angeweza kupokea pesa zetu na kutupatia kitu kinachofanana na kisu. Yeye alituambia kweli, akapoteza kazi ya siku ile, lakini hakutupoteza sisi, maana mapanga yetu yote tunayapeleka kwake mpaka leo.

Kutegemea makali ya mbali si jambo geni. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba wakati mmoja hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, hata kila mtu aliwaendea Wafilisti ili kunoa jembe lake na shoka lake, tena kwa malipo. Na hata hao wanaosifiwa leo kwa visu waliwahi kuagiza kwa wengine. Uswisi ni nchi inayojulikana duniani kote kwa kisu cha mfukoni. Lakini visu vya kwanza vya askari wa Uswisi vilitengenezwa katika mji wa Solingen, Ujerumani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na karakana iliyoweza kutengeneza vingi namna ile. Alikuwako fundi mmoja, jina lake Karl Elsener, aliyekuwa amefungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884. Aliona si vizuri askari wa nchi yake wabebe kisu cha kuagizwa, naye mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu vilivyotengenezwa nyumbani. Kazi hiyo ilikaribia kumfilisi, maana visu vya Solingen vilikuwa rahisi kuliko vyake. Lakini hakuiacha.

Mama yake Elsener aliitwa Victoria, naye alikuwa amemsaidia tangu mwanzo. Alipofariki mwaka 1909, mwanawe aliyatia jina hilo mazao ya karakana yake. Mwaka 1921 kiwanda kilipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa kifupi huitwa "inox", jina la mama liliunganishwa na jina la chuma, likawa Victorinox. Fikirini, wapenzi wasikilizaji. Mtu anayelitia jina la mama yake mzazi juu ya kisu ni kama ameapa. Kisu hicho kitakwenda mbali, kwa watu ambao hatawaona kamwe, na kikivunjika mikononi mwao ni jina la mama litakaloaibika. Watu wa Solingen nao waliona thamani ya jina. Tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani inalinda jina la mji huo, hata kisu kisichotengenezwa huko hakiruhusiwi kuandikwa Solingen. Na hapa kwetu Kenya ipo sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Mataifa yametunga sheria hizo kwa kuwa yanajua udhaifu wa mwanadamu: akiwa mbali na mnunuzi, hujaribiwa kuandika jina lisilo la kweli.

Lakini je, anayejaribiwa ni muuzaji peke yake? Hapa ndipo tunapofika kwenye habari yetu wenyewe.

Tulipata duka moja huko Ulaya linalouza visu vya kupandikizia vya mkono wa kushoto. Bei yake ilikuwa sawa na bei ya miche yetu 30, na nauli ilikuwa kama miche 20 mingine. Kwa kikundi kidogo hizo si pesa za mchezo. Tuliandika agizo letu kwa uangalifu: kisu cha kukunja, kilichonolewa upande mmoja, kwa mtu wa mkono wa kushoto, kimoja. Muuzaji alitujibu kwa upole. Mwishoni mwa barua yake aliongeza neno: "Mkipenda, nitaandika juu ya kifurushi kwamba ni zawadi, na kwamba thamani yake ni ndogo, ili msisumbuliwe na forodha."

Huenda wengine wenu hamjakiona kikaratasi hicho. Posta za ulimwengu zimeungana tangu mwaka 1874, mkataba wa kwanza ulipotiwa sahihi katika mji wa Bern, huko huko Uswisi. Kwa mapatano yao, kifurushi kidogo chenye bidhaa kinachotoka nchi moja kwenda nyingine hubandikwa kikaratasi kiitwacho CN 22. Anayekituma huandika ndani kuna nini, uzito wake na thamani yake, na kama ni zawadi au ni kitu kilichouzwa, kisha hutia sahihi yake. Ni karatasi ndogo kama kiganja cha mtoto. Hakuna askari anayesimama nyuma ya mtu anapoiandika.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada ili kulizungumza jambo hilo. Hatutawaficha, maneno yalikuwa mengi. Ndugu mmoja alisema, "Pesa hizi ni jasho letu. Huo ushuru utatufaa nini?" Mzee mmoja akasema, "Sisi hatujaomba uongo. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea." Wengi walitikisa kichwa kukubali, maana neno hilo lilikuwa tamu.

Ndipo yule binti mwenye shoto, ambaye kisu kilikuwa chake, akaomba ruhusa aseme. Akasema, "Wazee wangu, naomba radhi. Huyu mtu hatumwoni. Kwamba chuma chake ni kizuri, tunaamini neno lake. Kwamba atakituma, tunaamini neno lake. Sasa tukimwambia awadanganye watu wa forodha kwa ajili yetu, tutajuaje ya kuwa hatatudanganya sisi kwa ajili ya mwingine?"

Tulinyamaza. Mzee yule ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mwandikieni aandike bei iliyo ya kweli." Ndivyo tulivyofanya.

Kweli hiyo ilikuwa na gharama. Ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya kitu peke yake. Huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha huja ile kodi ya VAT, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16, na ada nyingine. Tulipoitwa posta tulilipa pesa zilizotosha kununua miche 12. Hakuna aliyetupigia makofi. Afisa aligonga muhuri, akatupa stakabadhi, akamwita anayefuata.

Tulipofungua kifurushi tulikuta kisu kizuri sana, chenye mpini wa mti mwekundu, kikifunguka kwa sauti ndogo ya kupendeza. Lakini kilikuwa cha mkono wa kulia.

Wapenzi wasikilizaji, mnaweza kuwaza jinsi tulivyojisikia. Binti alikishika, akakijaribu juu ya kijiti, akakikunja taratibu na kukirudisha kwenye kikasha bila neno. Tulimwandikia muuzaji, tukimwonyesha nakala ya agizo letu, maana wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aliona kwamba tulikuwa tumeandika sawasawa. Aliomba radhi, akasema atatuma kingine bila malipo, na kwamba kile cha kwanza tukirudishe tutakapoweza, naye ataturudishia nauli. Kile cha pili kilichukua majuma kadhaa, na msimu mmoja wa kupandikiza ukatupita. Hatimaye kilifika, na ubapa wake ulikuwa upande unaotakiwa.

Sasa tulikuwa na visu viwili na tumelipia kimoja. Na hapo jaribu lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Vijana wawili wa kikundi, wenye mkono wa kulia, walikuwa wamekipenda sana kile cha kwanza. Mmoja alisema, "Yuko mbali. Atatufanya nini? Tena ni yeye aliyetuchelewesha." Na kweli, hakuna ambalo muuzaji yule angeweza kutufanya. Hakuna mahakama ambayo ingemleta mtu kutoka Ulaya kwa sababu ya kisu kimoja. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Tulikirudisha. Tulikifunga vizuri, tukaandika juu yake kilichomo na thamani yake ya kweli, tukalipa nauli ambayo tungengoja kurudishiwa. Walioupeleka mzigo huo posta walikuwa wale vijana wawili wenyewe. Muuzaji alipokipokea alirudisha nauli yetu, akaandika, "Asanteni. Si wengi wanaorudisha."

Ndugu zetu, neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuwaletee mazungumzo haya. Si wengi wanaorudisha. Kwa nini? Je, ni kwa sababu watu wengi ni wezi? Hatudhani hivyo. Mtu ambaye hawezi kuchukua yai la jirani yake anaweza kukaa na mali ya mtu wa ng'ambo bila kupoteza usingizi, kwa sababu hauoni uso wake. Umbali humfanya mwenzetu aonekane kama si mtu. Forodha nayo huonekana kama si watu, ingawa ushuru ule ni sehemu ya dawa zinazongojwa na mama katika zahanati. Umbali si ruhusa. Mwandishi wa Zaburi ya 139 alitafakari mahali pa mbali kuliko pote, hata pande za mwisho za bahari, akakiri ya kuwa huko nako yuko mikononi mwa Mungu. Kama ndivyo ilivyo, basi hakuna duka lililo mbali machoni pake, wala hakuna kikaratasi kilicho kidogo hata asikisome.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuagiza kisu, au kitu kingine chochote, sikiliza maneno haya machache. Kwanza, muulize fundi wa kwako. Huenda anaweza, na asipoweza atakuonyesha kitu unachokihitaji hasa. Pili, andika agizo lako wazi: ukubwa, namna ya makali, mkono wa mtumiaji, na idadi. Tatu, hesabu gharama yote kabla ya kulipa, yaani bei, nauli na ushuru, usije ukashindwa katikati ya njia ukatafuta uongo wa kukuokoa. Nne, tunza kila karatasi. Tano, ikiwa ni ndugu yako anayekuletea kisu kwa ndege, mwambie asikibebe katika mzigo wa mkononi, maana sheria za ndege zilikazwa sana baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani. Akitie katika sanduku linalowekwa chini ya ndege. Na sita, ukiletewa kalamu na mtu mwema anayetaka kukusaidia kwa uongo mdogo, mshukuru kwa wema wake, lakini umrudishie kalamu yake.

Huenda wewe unayetusikiliza una kitu cha mtu wa mbali mahali fulani nyumbani mwako. Labda ni deni la duka la mji uliohama zamani, au pesa zilizoingia kwa simu yako kwa makosa, au kitabu cha mtu aliyekwisha kukusahau. Hakuna anayekudai. Hakuna atakayekuja kubisha hodi. Je, utakirudisha? Hatuwezi kukujibia. Tunakuomba tu, redio itakapozimwa, ukae kimya dakika moja, ukitazame kitu hicho, na ujaribu kuuona uso wa mwenyewe.

Mungu awabariki na kuwalinda katika kazi zenu zote, za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena juma lijalo.